Karatasi ya Tatu

Mutanu Kilonzo alikuwa hajafika hata katikati ya samsa yake, sambusa ya Kikirgizi ya kuokwa, Cholpon alipomshika kiwiko na kumvuta nyuma ya pazia la jukwaa.

"Utakula baadaye," Cholpon alinong'ona. "Njoo uone kitu."

Nje ya ukumbi kulinukia nyama ya kondoo na vitunguu. Watoto walikimbizana kati ya viti vya plastiki, na foleni ilijaa watu waliovaa kama wanakwenda harusini. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Novemba, joto la kitongoji cha Granville limeanza kupanda tangu asubuhi, na Wakirgizi wa Sydney walikuwa wakichagua wabunge wa kwao, Asia ya Kati. Cholpon, ambaye siku nyingine zote ni mfamasia, leo alikuwa mwenyekiti wa tume ya kituo. Mutanu hakuwa na kura hapo. Yeye alikuwa Mkamba wa Kitui, mpelelezi binafsi mwenye leseni, ofisi yake ng'ambo ya barabara juu ya duka la vitambaa. Alikuwa ametoka kanisani, akapita hapo kwa ajili ya samsa tu.

Nyuma ya pazia kulikuwa na meza, na juu ya meza sanduku dogo la plastiki lisiloficha kitu. Ukiliangalia unaona mpaka upande wa pili.

"Hesabu zilizomo," Cholpon alisema.

"Tatu."

"Zilitakiwa ziwe mbili."

Mutanu alifuta mafuta vidoleni kwa kitambaa cha karatasi, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na sanduku. "Anza mwanzo."

Cholpon alieleza haraka haraka, akichungulia ukumbini kila baada ya sentensi mbili. Sheria yao inawaruhusu wagonjwa na wazee wasioweza kufika kituoni kupigia kura nyumbani, siku moja kabla ya wengine. Tume huwapelekea sanduku la kutembeza. Jana, Jumamosi, walioomba walikuwa wawili: dereva wa lori aliyevunjika mguu, anayekaa St Marys, na Burul, bibi wa miaka tisini na moja, katika nyumba ya wazee hapa hapa Granville. Sanduku lilitoka tupu, likafungwa lakiri mbele ya mashahidi, likazunguka, likarudi. Usiku lilikaa kwenye kabati la chuma. Leo asubuhi wakalitoa ili kila mtu alione, ndipo mtu mmoja akahesabu.

"Lakiri?"

"Nzima. Namba ni zile zile."

"Karatasi za kura mlizobakiza?"

"Tumezihesabu mara tatu. Zimepungua mbili tu, hizo tulizowapa."

"Basi ya tatu haikutoka kwenu."

"Ndiyo maana siwezi kula!" Cholpon alisema. "Sheria inasema kura za sanduku la kutembeza zikizidi idadi ya waliopigia humo, zote zinabatilishwa. Zote, Mutanu. Ya dereva na ya bibi. Na jina langu litasomwa Bishkek, mji wetu mkuu, kama la mtu aliyejaza kura bandia."

Mutanu alikuwa akitazama sanduku. Karatasi mbili zilikuwa nyeupe, ndefu, zimekunjwa mara moja. Ya tatu ilikuwa fupi na nene kidogo. Ilionekana ya waridi, lakini hapo nyuma ya pazia jekundu hata uso wa Cholpon ulikuwa wa waridi. Na kwenye mkunjo wake, upande wa juu, palikuwa na pengo dogo lililokatwa vizuri, kama mwezi mwandamo. Alitoa simu akaipiga picha.

"Kwa hiyo umeita polisi," sauti nzito ilisema.

Aliyeingia alikuwa mwanamume mnene mwenye masharubu, kadi ya mwangalizi imening'inia kifuani. Mutanu alimjua kwa samsa zake, maana duka lake lilikuwa mtaa wa pili. Aliitwa Temir, na leo alikuwa mwangalizi wa mgombea mmoja wa mkoa wa Talas, mwalimu wa kike aliyestaafu.

"Sijaita polisi, baike," Cholpon alisema, akitumia neno lao la kumheshimu kaka mkubwa. "Nimemwita jirani."

"Msimamo wangu unaujua. Sanduku hili limechezewa. Lisifunguliwe. Liwekwe kando na malalamiko yangu, liende Bishkek lilivyo. Wajumbe wawili wako upande wangu. Na saa mbili usiku, kura zikianza kuhesabiwa, video yangu ya sanduku hili inakwenda hewani."

"Na kura ya apa Burul?" Cholpon aliuliza. Apa kwao ni mama, neno la heshima.

"Namwonea huruma. Lakini sheria ni sheria."

Mutanu alisimama, magoti yakalia. "Jana ulikuwepo lilipozungushwa?"

"Kila hatua. Mimi ni mwangalizi. Naangalia."

"Basi wewe ni shahidi, au ni mshukiwa. Sijajua bado. Una mtu wa kukaa kwenye kiti chako?"

"Mke wangu ana kadi."

"Mpe kiti. Wewe twende, tupite kila mahali lilipopita."

Temir alimtazama juu mpaka chini, kisha akacheka masharubu yakatikisika. "Unataka mwangalizi akuangalie wewe?"

"Nataka usije ukasema baadaye kwamba sikuangaliwa."

*

Kwenye barabara kuu ya kuelekea magharibi, gari la Mutanu lilitoa hewa baridi upande wa dereva tu. Temir alijipepea kwa kadi yake.

"Nieleze kama mtu asiyejua," Mutanu alisema. "Bunge lenu lina viti vingapi?"

"Tisini. Wilaya thelathini, kila moja inatoa watatu. Na kati ya hao watatu, wa jinsia moja hawaruhusiwi kuzidi wawili."

"Yaani wanaume hawawezi kubeba vyote vitatu."

"Wala wanawake."

"Hee! Kwetu Kenya jambo hilo limo kwenye katiba mwaka wa ngapi sijui, na bunge bado linajifanya halisikii." Mutanu alipita lori. "Na mtu asiyempenda mgombea yeyote?"

"Mstari wa mwisho kabisa kwenye karatasi: dhidi ya wote. Unaweka alama hapo, unarudi nyumbani umeridhika."

"Hiyo ningeitumia kila mara. Mnamjuaje mpiga kura?"

"Kidole na sura. Anaweka kidole kwenye mashine, picha yake inatokea, kila mtu anaiona. Jana tulibeba mashine ndogo. Apa Burul vidole vyake vimekwisha alama kwa kazi ya miaka yote hiyo, ikabidi tujaribu vinane. Cha tisa kikakubali, akapiga makofi."

"Na waliokufa?"

"Hawana kidole cha kuweka."

"Maskini. Kwetu zamani marehemu walikuwa raia wema, wanaamka mapema kupiga kura kuliko sisi."

Temir alicheka, kisha akatazama nje paa za viwanda vidogo zikipita. "Unaniona mkorofi," alisema. "Mwaka 2020 nilikuwa nyumbani. Tulipiga kura, na kesho yake watu walijaa uwanjani kwa hasira, mpaka uchaguzi mzima wa bunge ukafutwa. Mdogo wangu alikuwa pale uwanjani. Alirudi na mkono umevunjika. Kwa hiyo nikiona karatasi ya tatu mahali pa mbili, siwezi kusema ni kitu kidogo."

"Sijasema ni kitu kidogo," Mutanu alisema. "Ningeona ni kidogo ningekuwa nakula."

*

Dereva wa lori aliitwa Kubat. Walimkuta kwenye baraza ya nyumba yake, mguu wenye plasta umewekwa juu ya stuli, magongo mawili yameegemea ukuta. Alimlaki Temir kwa kelele za furaha. Lakini Mutanu alipompa kadi yake ya kazi, furaha ikakatika. Alisoma kadi, akaisoma tena, jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Daktari mwenyewe ndiye aliyesema nitembee kidogo kidogo," alisema.

"Nani amemtaja daktari?"

"Hakuna. Nasema tu."

Mutanu alivuta kiti akaketi. Miaka yake mingi ilikuwa imekwenda kwa kampuni za bima, kuwafuata watu waliodai hawawezi kuinama huku wakipakia friji kwenye gari. Macho yake yalizunguka yenyewe. Nyasi za uani zilikuwa zimekatwa asubuhi hiyo, zinanukia. Mashine ya kukatia ilikuwa imeegeshwa nyuma ya pipa, imefunikwa taulo. Na unyayo wa plasta ya Kubat ulikuwa wa kijani kibichi.

Temir naye aliuona woga wa Kubat. Aliinama sikioni mwa Mutanu. "Mtazame. Ameshikwa. Ndiye yeye."

"Kubat," Mutanu alisema taratibu, "nani mwingine anajua jambo hili?"

"Mke wangu tu! Na alinikataza! Aliniambia acha, jirani atakuja kukata. Lakini zilikuwa zimefika magotini, ningefanyaje?"

"Alikukataza kufanya nini?" Temir alinguruma. "Kutia karatasi ya pili?"

Kubat alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya ngamia. "Karatasi gani?"

Mutanu alianza kucheka, hakuweza kujizuia. "Leo Jumapili, Kubat. Jumapili sifanyi kazi ya bima. Mguu wako na nyasi zako sivijui. Nimekuja kwa ajili ya sanduku la kura."

Kubat alishusha pumzi ndefu mpaka tumbo likaonekana limepungua. Akamwita mkewe alete chai. Mke, Nazgul, alikuja na chai, maandazi yao madogo ya mafuta, na simu yenye picha za jana, maana alikuwa amepiga kila kitu kama sikukuu. Kubat akiweka kidole kwenye mashine. Kubat akitoka chumbani na karatasi imekunjwa. Kubat ameinua dole gumba, sanduku juu ya mapaja yake.

Mutanu aliikuza hiyo ya mwisho. Ndani ya sanduku kulikuwa na karatasi moja, nyeupe, ndefu.

"Hapa liliondoka na moja," alisema. "Njiani lilikaa wapi?"

"Kiti cha nyuma," Temir alijibu. "Mjumbe mwenzake Cholpon anaendesha, mimi na Cholpon nyuma, sanduku kati yetu. Halikutoka machoni pangu."

"Na mlipofika nyumba ya wazee?"

"Lilikuwa na moja. Niliangalia kabla hatujashuka."

"Kwa nini hukusema hivyo tangu mwanzo?"

"Hukuniuliza."

"Basi nakuuliza jingine. Mkiwa chumbani kwa bibi, waliokuwa karibu na sanduku ni wewe, Cholpon na huyo mjumbe. Mmoja wenu ametia. Cholpon akitia, anajiharibia jina. Wewe ukitia, unapata sababu ya kulifuta sanduku lote."

Masharubu ya Temir yalisimama. "Mimi?"

"Mgombea wako anaweza kupenda kura mbili zipotee, kama anajua si zake."

"Mwanamke wewe," Temir alisema, uso umeiva, "mimi huuza samsa mia tatu kwa siku na sijawahi kupunguza nyama. Twende huko Granville. Sasa hivi."

Nazgul aliwafungia maandazi kwenye mfuko, wakaondoka.

*

Nyumba ya wazee ilikuwa ya matofali mekundu, na kwenye mlango walikuwa wamekwisha kutundika mapambo ya Krismasi. Asubuhi Cholpon alipopiga simu hapo, alijibiwa kwa adabu kwamba habari za wakazi hazitolewi. Lakini siku za kutembelea wazee ni zote, na Temir alikuwa ameandikwa kati ya wageni wa Burul tangu zamani, maana humletea mkate. Isitoshe, aliyefungua mlango alikuwa Médiatrice, Mrundi mwenye sauti ya kwanza katika kwaya ya Mutanu.

"Dada Mutanu! Leo mumeimba bila mimi?"

"Tumejaribu. Mchungaji aliomba tuishie ubeti wa pili."

Médiatrice alicheka akijipiga paja. Alikulia kambini Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa kidogo kidogo ndani yake kama zabibu kavu kwenye keki. Walipokuwa wakitembea kwenye ujia, Mutanu alimuuliza juu ya jana, bila kuzunguka.

"Watu wa kura? Walikuja, ndiyo. Watu bien kabisa. Waliniambia nitoke chumbani, ni siri, nikatoka."

"Nani alibaki?"

"Wao watatu na Burul."

"Mwingine?"

"Hakuna mutu."

"Hata mmoja?"

"Non, dada, nakuambia hakuna. Ni Burul na Mama Verdiane basi."

Mutanu alisimama katikati ya ujia. "Mama Verdiane si mtu?"

"Eh!" Médiatrice alishika mdomo. "Huyo ni wa pale pale tu. Chumba chake ni kinachofuata, lakini anashinda kwa Burul. Mumoja anaongea Kikirgizi, mumoja Kirundi na Kiswahili, hawaelewani hata neno, na hawaachani hata kwenda kunawa."

"Alikuwepo," Temir alisema polepole. "Bibi mwembamba, kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa amelala."

"Amelala, au amefumba macho?"

Temir alisugua masharubu, akaongeza mwendo.

Burul alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cheupe kichwani, mashavu mekundu. Alimpokea Temir kwa kumbusu paji la uso. Dirishani alikaa Verdiane, sahani ya chakula cha mchana iko mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyedhulumiwa. Mutanu aliwasalimu wote wawili, kisha akamgeukia Temir.

"Nionyeshe. Jana sanduku lilikuwa wapi?"

"Hapa, juu ya meza yake ya magurudumu. Alipewa karatasi na kalamu."

"Wewe ulisimama wapi?"

Temir alienda katikati ya chumba, akageuka akatazama ukuta uliokuwa na kalenda ya farasi.

"Mbona umenipa mgongo?"

"Ndivyo nilivyosimama. Kura ni siri. Anapoweka alama hakuna ruhusa ya kutazama."

"Na Cholpon?"

"Pembeni yangu. Na mwenzake. Sote tuliangalia farasi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apa aliposema amemaliza. Tukageuka, karatasi iko ndani. Hatukuhesabu." Sauti yake ilipungua kadiri alivyosema. "Naelewa unakokwenda."

"Watu watatu mlioapa kulilinda sanduku mliligeuzia migongo kwa wakati mmoja," Mutanu alisema, "kwa sababu nyote ni waaminifu. Mwizi angechungulia."

Kutoka dirishani Verdiane aligonga sahani kwa uma. "Wewe, mwanangu," alimwita Mutanu kwa Kiswahili. "Wewe unasema lugha ya watu. Hebu wambie hawa. Mimi nilichagua kuku. Nimeweka alama kwa mukono yangu. Leo wananiletea nini? Mukate ya yai! Yai baridi! Mimi mugonjwa?"

"Pole, bibi. Ulichagua lini?"

"Jana."

"Na kadi ya kuchagulia uliitia wapi?"

"Sanduku lao liko kule kwenye chumba ya kula, mbali. Goti inaniuma. Nikasema nitapeleka polepole. Halafu Mungu ni mwema, jana sanduku ikakuja yenyewe mpaka hapa."

Mutanu aliketi ukingoni mwa kitanda cha Burul. Hakuthubutu kumtazama Temir. "Dada Médiatrice," alisema, "naomba kadi moja tupu."

Médiatrice aliinyofoa moja kwenye msumari wa ukutani karibu na mlango. Ilikuwa kadi ya waridi hafifu, kuku upande mmoja na samaki upande mwingine, kila kimoja na kisanduku chake cha kuweka alama, na juu katikati tundu la duara la kutundikia. Mutanu aliikunja katikati. Mkunjo ulipita juu ya tundu, likabaki nusu yake: mwezi mwandamo. Aliweka simu kando, picha ya asubuhi imefunguliwa, akamsogezea Temir vyote viwili.

Temir aliangalia kadi, akaangalia picha, akaangalia kadi.

"Kura hazitundikwi msumarini," Mutanu alisema.

"Alipiga kura ya kuku," Temir alisema kwa sauti nyembamba isiyo yake.

"Sasa muulize apa Burul kama alimwona."

Temir aliuliza kwa Kikirgizi. Jibu la Burul lilikuwa refu, lenye mikono mingi, na katikati yake Temir alilazimika kuketi chini. Alitafsiri akijifuta macho.

"Anasema kumwona, alimwona. Yeye ndiye aliyemshikia sanduku lisiteleze. Anasema rafiki yake alisimama akasubiri kwa adabu mpaka yeye amalize, ana karatasi yake mkononi, imekunjwa vizuri. Akafikiri, kumbe na nchi yao wanachagua leo. Anasema, kila mtu ana nchi yake, mimi ni nani nimzuie?"

Médiatrice alikimbilia ujiani kucheka. Verdiane alitaka kujua kinachochekesha ni nini, na Mutanu alipomweleza, yeye hakucheka. Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo kuku yangu iko kwenye serikali ya watu?"

"Iko, bibi. Mpaka saa mbili usiku."

"Basi waitoe vizuri," Verdiane alisema. "Imeandikwa jina yangu."

Burul aliuliza jambo. Temir akaacha kucheka.

"Anauliza kama kura yake imeharibika," alisema. "Anasema ujana wake wote, enzi za Wasovieti, karatasi ilikuwa na jina moja. Unaitumbukiza, unapewa machungwa, unakwenda kucheza muziki. Jana alikaa na ile karatasi akayasoma majina yote mara mbili kabla ya kuweka alama. Anauliza itasomwa au haitasomwa."

"Mjibu wewe," Mutanu alisema. "Mwangalizi ni wewe."

Temir alimshika Burul mkono, akasema maneno machache. Burul akatikisa kichwa, akamvuta sikio.

"Nimemwahidi," alisema walipokuwa wakitoka. "Nikamuuliza alimchagua nani. Ndipo akanivuta sikio."

*

Saa mbili usiku milango ya ukumbi ilifungwa, jua ndiyo kwanza limetua na mwanga wake bado uko kwenye vioo vya juu. Wajumbe walikaa nyuma ya meza ndefu, waangalizi mbele yao, simu zimeinuliwa. Sanduku la kutembeza huwa la kwanza. Cholpon aliliweka katikati ya meza, na uso wake ulikuwa mweupe kama koti lake la dukani.

"Kuna malalamiko juu ya sanduku hili," alisema. "Mwangalizi Temir."

Temir alisimama. Simu zote ziligeukia kwake, maana wote walikuwa wamekwisha kusikia habari za video.

"Nayaondoa," alisema. "Nilikuwa chumbani. Nilikuwa nimegeuka kama sheria inavyotaka. Karatasi ya tatu ni kadi ya chakula ya bibi mmoja wa nyumba ya wazee, na sheria inasema kinachobatilisha sanduku ni kura kuzidi. Kadi ya chakula si kura. Naomba lifunguliwe."

Wajumbe wawili waliokuwa upande wake walitazamana. Mmoja aliuliza kama ana uhakika. Temir akasema mtu akitaka ushahidi aende akamuulize mama huyo mwenyewe, ila ajiandae kusikia habari za mayai. Mikono ikainuka yote.

Cholpon alisoma namba za lakiri, akazikata. Alitoa karatasi moja moja, akiiinua kila mtu aione. Ya kwanza kutoka ilikuwa ya waridi. Aliifungua, akakohoa.

"Verdiane," alisoma kwa sauti ya mwenyekiti. "Kuku. Si karatasi ya kura. Haihesabiwi. Iandikwe, iwekwe kando."

Kicheko kilipita ukumbini kama upepo, hata mjumbe aliyekuwa akiandika alilazimika kuinua kalamu. Mutanu, aliyesimama nyuma karibu na mlango, aliona mabega ya Cholpon yakishuka mahali pake pa kawaida.

Ya pili ilikuwa nyeupe, imekunjwa mara moja, imewekwa alama chini kabisa. "Dhidi ya wote," Cholpon alisoma.

Ya tatu nayo ilikuwa nyeupe. Aliifungua, akaitazama kidogo zaidi kuliko alivyotazama zile nyingine, kisha akasoma jina la mwalimu mstaafu wa Talas.

Temir hakusogea. Mwangalizi mwenye sifa haonyeshi furaha wala huzuni wakati wa kuhesabu, na yeye alikuwa na sifa hiyo. Lakini alirudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka akafika ukutani aliposimama Mutanu.

"Umesikia?" alinong'ona.

"Nimesikia."

"Ile kura ni ya mgombea wangu." Alishika kadi yake kifuani. "Ningeifuta mimi mwenyewe."

"Ndiyo, ungeifuta."

"Ni ya apa Burul au ya Kubat?"

"Hiyo hutaijua kamwe, baike," Mutanu alisema. "Wewe ulikuwa unaangalia farasi."

Mbele, Cholpon aliweka kura mbili pamoja, akazipiga mhuri, akasaini. Halafu akaashiria sanduku kubwa lisogezwe mezani.

"Tunaendelea," alisema.